Bunduki nyepesi ya bolti ya kuwindia: bega limechoka, nisaidieni kuchagua

Mwana Chemba (mleta uzi)

Wakuu mbukwenyi. Miaka mingi mi ni msomaji tu humu, leo nimeona nifungue uzi maana hili jambo limenizidi kimo.

Nawinda kwa kibali, uwindaji wetu huu wa wenyeji, kila msimu ukifunguliwa naomba swala pala na ngiri, mwaka wa bahati tandala mdogo, na maeneo yangu ni huku huku Chemba au upande wa Itigi kutegemea kibali kimeandikwa wapi. Raifo ninayotumia ni ya marehemu mzee, kaliba (yaani aina ya risasi inayoingia) ni .30-06, ya kampuni ya Brno, ya kizamani, kitako cha mbao na darubini ya chuma, ukiitupia begani saa kumi na mbili asubuhi unajiona mwanaume kweli, ikifika saa saba mchana jua la Septemba liko utosini na vumbi limejaa mdomoni ndo unaanza kuihamisha bega hili bega lile kama mtu aliyebeba kuni.

Msimu uliopita tulifuata nyayo za ngiri toka alfajiri, simu ikasoma kilometa 14, na mwisho wa siku nikampata amesimama ubavu, mita kama 80 hivi, nafasi ambayo hata mtoto anapiga. Nikanyanyua silaha mikono ikawa inacheza. Nikaishusha. Kijana niliyekuwa nae akaniangalia akanyamaza, na ule ukimya wake ndo ulioniuma kuliko bega. Bega lenyewe niliwahi kuanguka na pikipiki likateguka na halijawahi kurudi kama zamani.

Sasa naona mtandaoni kuna raifo za bolti, hizi za kukoki kwa mkono kila risasi, za kilo 2.2, 2.5, kitako cha kaboni na mtutu mwembamba kama fimbo ya mchungaji. Naomba wenye uzoefu mniambie, ni kweli zinafanya kazi au ni mbwembwe tu, na kama nachukua nichukue kaliba gani. Umri 52, sina haja ya nyati.

Kaka Uwele

Nakaa siti ya mbele na kikombe changu cha chai. Waje wajuzi.

Bahi Road

Mkuu kilometa 14 kwa ajili ya ngiri? Siku hizi bucha za nyamapori zimeruhusiwa, unatoka ofisini unakata kilo zako mbili unarudi nyumbani na bega lako salama 😂

Mwana Chemba

😂 Mkuu ningekuwa nafuata nyama tu ningefuga mbuzi.

Mzee Kizigo

Mleta uzi karibu jukwaani kwa kuandika. Nitasema kirefu kidogo maana hilo kosa unalotaka kulifanya mi nimeshalifanya.

Mwaka fulani nilikuwa na hela kidogo na ujuaji mwingi, nikachukua raifo nyepesi kabisa ya kaliba ya .300 magnum, zile zinazobeba baruti nyingi, duka moja silitaji, muuzaji akaniambia mzee hii ni kama unabeba mwavuli. Hakunidanganya, kubeba ilikuwa mwavuli kweli. Kupiga sasa. Risasi ya kwanza ya kuzero darubini, yaani kuirekebisha ipige pale unapolenga, ilinipasua juu ya jicho, ya tatu nikawa nafumba macho kabla sijavuta triga, na ubaya wa kufumba macho ni kwamba wewe mwenyewe hujui kama unafumba, unadhani bunduki ndo mbovu. Nikaenda nayo porini hivyo hivyo kwa ubishi. Nikampiga tandala nyuma ya mbavu badala ya bega. Tulimfuatilia toka saa tatu asubuhi hadi jua linazama, tukampata bado yuko hai, na sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Hesabu yake ni hii na haina ushabiki. Risasi ileile na baruti ileile, ukipunguza uzito wa bunduki teke, ule msukumo wa kurudi begani, linapanda kwa uwiano uleule. Raifo ya kilo 3.9 ukiifanya 2.6, nguvu ya teke inakuwa mara moja na nusu. Hakuna kampuni duniani iliyoikwepa hesabu hiyo, wanachofanya ni kukuwekea raba nene kwenye kitako au kile kitobo-tobo cha mdomoni mwa mtutu kinachotoa hewa pembeni, na hicho kitobo-tobo kinapunguza teke kweli ila kelele yake itamtoboa masikio huyo kijana wako anayekaa ubavuni kwako.

Kwaiyo swali lako la kwanza lisiwe raifo ina kilo ngapi. Liwe wewe unavumilia teke kiasi gani bila kufumba macho. Ukishajua hilo ndo unachagua kaliba, ukishachagua kaliba ndo unaangalia uzito. Wengi tunaanzia mkiani.

Dada Nyika

Mzee Kizigo shikamoo, umemaliza nusu ya kazi.

Mi nilifanya kazi ya kuongoza wageni wa uwindaji upande wa Rungwa misimu kadhaa, na pale unaona bunduki za kila aina zikishuka kwenye gari. Niwaambie kitu, mgeni aliyekuja na kanoni ya magnum mpya kabisa ndo aliyekuwa anatuletea kazi ya kufuata damu vichakani hadi usiku unatufukuza. Aliyekuja na .308 au 7x57 ya babu yake iliyochubuka rangi, huyo tulikuwa tunarudi kambini mapema kunywa chai.

Kwa alama za kulinganisha teke, chukua .30-06 yako yenye risasi ya greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) iwe ndo mia. Kwenye bunduki yenye uzito uleule .308 ya greni 150 inapiga teke la kama sabini, 7mm-08 ya greni 140 ni sitini na kitu, na .243 iko chini ya nusu. Sasa swala pala dume anakaa kilo 60 hivi, ngiri mkubwa anaweza kupita hapo, tandala mdogo dume anakaribia mia. Hakuna hata mmoja hapo anayehitaji .30-06 greni 180, hiyo mzee wako alikuwa nayo nadhani kwa sababu zamani mtu alikuwa na silaha moja ya kila kitu, kuanzia swala hadi pofu.

Halafu kitu ambacho wanaume hamkisemagi, urefu wa kitako. Mi mikono yangu mifupi, silaha nyingi zimekatwa kwa ajili ya mzungu wa futi sita. Kitako kikiwa kirefu unanyoosha shingo kutafuta darubini, unashika bunduki mbali na mwili, hapo hata kilo 3 unaziona 5. Kabla hujasema bunduki yako ni nzito hebu angalia inakukaa vipi. Fumba macho, inyanyue begani, fumbua. Kama jicho halijaangukia katikati ya darubini, bunduki hiyo siyo ya kwako hata iwe ya unyoya.

Kirungu

Hapa mnamzunguka tu mtu wa watu kauliza achukue ipi mnampa fizikia 😅 Mkuu chukua Tikka T3x Lite kesi imekwisha. Inatengenezwa Finland na Sako, uzito kilo 2.9 hivi tupu, bolti inanyanyuka digrii 70 tu haikugongi na darubini, mkono unateleza kama umepakwa siagi. Kimber Montana ni nyepesi zaidi, kilo 2.3 na ushee, nzuri sana kwa macho ila ni ile ile anayosema Mzee Kizigo, inataka mtu aliyeizoea, ukiishika vibaya kidogo inatawanya risasi. Ruger American ni ya bei ya chini, kilo 2.8, kitako chake cha plastiki kinanepa ukikiminya mbele, lakini inapiga pale unapolenga. CZ 527 ilikuwa katoto kazuri mno, Mauser ndogo kabisa, ila waliacha kuitengeneza na kaliba zake zilikuwa ndogo za .223 na 7.62x39.

fundi vitako

Kirungu umesema kweli kuhusu Tikka ila umesahau kusema magazini yake ni plastiki na ukiipoteza porini umebaki na fimbo. Nunueni ya pili.

Mi ni fundi seremala kwa asili, vitako nimevirekebisha vingi, kwaiyo niwape upande wangu. Bunduki inapunguzwa uzito sehemu tatu. Mtutu unakonda au unafupishwa, kitako kinageuka faiba au kaboni, na bolti na ile nyumba yake vinachongwa chongwa au vinatengenezwa kwa titaniamu. Kitako ndo sehemu ya kupunguza bila majuto, mbao ya walnati inaweza kuwa na kilo moja na zaidi, ya kaboni nzuri inafika nusu yake. Na kwa hali ya hewa ya huku kwetu faiba inanifurahisha kwa jambo lingine kabisa. Mbao inapumua. Dodoma miezi saba kavu kama kaa la jana, ikifika Desemba mvua, mbao inavimba na kusinyaa, inakuja kuugusa mtutu upande mmoja na shabaha inahama na mwenye bunduki analaumu darubini. Nimewahi kuletewa silaha tatu ndani ya wiki moja za mwezi wa kwanza zote ugonjwa huo huo, unapitisha karatasi kati ya mtutu na kitako inakwama katikati, unakwangua pale inapokwama mambo yanaisha.

Mtutu mwembamba nao una tabia yake. Unapata joto haraka na ukipata joto risasi zinaanza kutembea. Kwa mwindaji siyo kesi, nani anapiga risasi sita mfululizo kwa swala, ila siku ya kuzero ndo watu wanaumbuka, wanapiga kumi haraka haraka, zinatawanyika kama mtama, wanazungusha darubini huku na huku. Piga tatu, weka kivulini bolti ikiwa wazi, kula hata karanga, mtutu ukishikika kwa mkono bila kuunguza endelea. Na inayokuhusu zaidi ni ile ya kwanza kutoka kwenye mtutu wa baridi, kwa sababu ndo hiyo utakayompiga nayo mnyama.

Vumbi: msimwage mafuta kwenye bolti. Mafuta na vumbi la Chemba yakikutana ni uji wa msasa. Pangusa ibaki kama kavu.

Mtemi wa Zuzu

Nyie vijana mnaogopa teke 😀 yule Mskoti waliyemwita Karamojo Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja na sehemu kubwa alitumia .275 Rigby, ambayo ni 7x57 ya Mauser tu, na ka-Mannlicher ka 6.5 kepesi ka kutembelea. Kwa hiyo nyepesi na kaliba ndogo zote zinawezekana, hata nyati unamlaza.

Mzee Kizigo

Mtemi, Bell alikuwa akitumia risasi ngumu ndefu zisizopasuka, na alikata vichwa vya tembo kwa msumeno kusoma ubongo umekaa wapi. Wewe umesoma wapi? Halafu huo ulikuwa wakati wa ukoloni, leo kwa nyati na tembo kaliba ya chini kabisa inayokubalika ni .375, na ile .375 H&H imekuwepo toka 1912. Usimpoteze mtu, amesema hana haja na nyati.

Mtemi wa Zuzu

Yameisha mzee wangu, nilikuwa nachangamsha baraza.

Kaka Uwele

Nje ya mada kidogo, babu yangu Mpwapwa alikuwa anazungumzia bunduki ya Mjerumani ya tisa nukta tatu, ndo nini iyo?

Dada Nyika

9.3x62 hiyo kaka. Fundi wa Berlin anaitwa Otto Bock aliitengeneza 1905 kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani Afrika, ikawa inaingia kwenye Mauser ya kawaida isiyo na gharama, bunduki moja ya mkulima kwa wanyama wote. Na Mjerumani ndo alikuwa hapa, ndiyo maana babu anaikumbuka. Risasi nzito, inaenda taratibu, inasukuma bega badala ya kulichapa. Kipenyo chake kwa hesabu ya Kiingereza ni .366 kwaiyo haifiki .375.

Kijana Machafu

Wakuu kwani kutembea kilometa 14 kote huko ni kwa nini, si unakaa juu ya pickup na tochi kubwa usiku ngiri anakodoa macho unamtandika, hata bunduki ikiwa na kilo 10 unaegesha kwenye bodi

Sajini Mstaafu

Kijana futa hiyo kabla hujaitafutia familia yako kesi. Kumulika usiku na kupiga kutoka kwenye gari ni marufuku chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na ukikamatwa huo siyo uwindaji tena, ni ujangili, silaha inakwenda, gari linakwenda na wewe unakwenda.

Nikiwa hapa hapa niseme na mleta uzi. Silaha haiagizwi mtandaoni kama viatu. Naona watu wanaangalia picha wanalipa kwanza halafu ndo wanauliza. Kinyume chake ndo salama: unaanza kwa serikali yako ya kijiji au mtaa, wanakujadili wanaokujua, unapanda kata, wilaya kwa OCD, mkoa, hadi msajili wa silaha makao makuu, na hii yote iko ndani ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Ulizia kabisa kaliba unayoitaka kabla hujatoa hata shilingi. Na kwa kuwa tayari unayo moja ya kurithi utaulizwa ya pili ni ya nini, uwe na jibu lenye maana. Sema ukweli wako wa bega, peleka na karatasi za hospitali. "Nimeipenda" siyo jibu.

Na kuhusu mirathi kwa faida ya wengine, mzee akifariki silaha haibaki uvunguni kwa sababu wewe ni mtoto wa kwanza. Inapelekwa polisi, halafu mrithi anaomba. Nimeona familia zimeingia matatani kwa gobore la babu ambalo hata halikuwa linalia.

Mwana Chemba

Sajini asante, ya mzee tulifuata hatua zote, ilikaa polisi miezi mpaka kitabu kikatoka kwa jina langu.

Kuna kitu sikukisema mwanzo na sasa nadhani ni muhimu. Mi ni wa mashoto. Bolti ya Brno iko kulia, kwaiyo toka nikiwa kijana nanyanyua bunduki begani kushoto, nikishapiga navusha mkono wa kushoto juu ya darubini kukoki. Na bega lililoteguka ndo hilo la kushoto.

Dada Nyika

Kaka! Na unasema mwisho!

Kirungu

😂😂 mtu kaficha ugonjwa kwa daktari

Dada Nyika

Sasa hapo mambo yote yanapangwa upya. Kila ukikoki unaiondoa bunduki begani, uzito wote unaangukia mkono wa kulia ulioshika mbele. Haishangazi unaiona nzito. Raifo ya bolti ya kushoto itakupunguzia kazi kuliko kupunguza kilo nzima. Na wanaotengeneza za mashoto siyo wengi, Tikka wanayo T3x Lite ya kushoto, Savage wanazo toka zamani, Ruger American nayo ipo. Bunduki nyingi za chini ya kilo mbili na nusu hata huwezi kuzipata za kushoto, kwaiyo orodha yako imeshajichuja yenyewe.

fundi vitako

Na mleta uzi nakuomba kitu kimoja. Nenda kaipime hiyo ya mzee ikiwa kamili kama unavyoingia nayo porini, darubini, mkanda, risasi ndani. Halafu vua kimoja kimoja upime tena.

Mwana Chemba (siku nne baadae)

Wakuu nimerudi. Nyumbani sina mizani nikaenda kwa shemeji yangu Hombolo ana ile mizani ya kuning'iniza ya kupimia zabibu, tukaining'iniza raifo ikiwa na magazini tupu maana hapo risasi sikutaka kuingiza, watoto wa jirani wakajaa, shemeji akawafukuza. Risasi tano nikazipima peke yake baadae nyumbani kwa mizani ya dukani.

Kila kitu pamoja ni kilo 4.9. Nimevua darubini ya mzee na vishikizo vyake vya chuma, gramu 750. Mkanda wa ngozi wa mzee, ule mpana wenye vifuko vya risasi, gramu 450!! Risasi tano hazifiki hata 150. Kwaiyo raifo yenyewe tupu ni 3.6 hivi. Kilo nzima na robo nilikuwa nabeba mapambo.

Nimekaa nayo hiyo hesabu usiku mzima. Nikichukua ile ya kilo 2.9 ya mashoto, darubini ndogo gramu 400, vishikizo vya alumini na mkanda wa kitambaa, nacheza kwenye 3.5 na risasi zake. Hiyo ni pungufu ya kilo 1.4 na sijagusa titaniamu wala kaboni. Ile ya kilo 2.3 ningefika 2.9, ila sasa naogopa teke kwenye bega bovu, na za kushoto sijaziona.

Mzee Kizigo

Umefika pale pale. 3.5 ikiwa kamili ni silaha ya mtu mzima, nyepesi kubeba na ina uzito wa kutulia pumzi ikishapanda. Bunduki nyepesi sana inafuata mapigo ya moyo wako, ukiwa umetoka kukimbia mlima huo mtutu unaandika jina lako hewani. Kata kijiti cha kuegeshea, miguu miwili iliyofungwa juu kwa raba ya tairi la ndani, hakina gramu mia tatu na kinafanya kazi ya kilo mbili za bunduki. Kila mwindaji Rungwa anatembea na kijiti, sijui kwa nini sisi wenyeji tunaona aibu.

Na usipunguze maji. Kuna watu wananunua bunduki pungufu ya nusu kilo kwa mamilioni halafu wanaacha chupa ya maji kwenye gari.

Kirungu

Kaliba sasa. Mi nasema 6.5 Creedmoor, ya kisasa, toka 2007, teke la kubembeleza.

Dada Nyika

Kirungu ni nzuri, sibishi. Ila aangalie anachokipata dukani hapa nchini, siyo anachokiona mtandaoni. Mi kila nilikopita .308, .30-06 na .375 nimekuta, hizi nyingine leo zipo mwakani hazipo. 7mm-08 ndo ingekuwa chaguo langu kwa bega lake kama risasi zingekuwa za uhakika. Kwa hali ilivyo .308, greni 150, mtutu wa sentimita 51 au 56, basi. Vichaka vya Itigi utapiga mita 50, uwanda wa Chemba mita 150. Zero mita 100, kwenye 200 risasi itakuwa imeshuka sentimita 10 hadi 12, bado uko ndani ya bega la swala. Zaidi ya hapo sogea, miguu unayo.

fundi vitako

Darubini isizidi ya kukuza mara 2-7 au 3-9, kioo cha mbele milimita 36 au 40. Ukiweka yale madude ya 50 umerudisha uzito wote juu ya bunduki na itakuwa inapinduka mkononi. Na kabla ya kila safari kaza skurubu za vishikizo, barabara ya vumbi yenye mawimbi inalegeza kila kitu. Mi naweka alama ya rangi ya kucha ya mke wangu kwenye kila skurubu, ikihama naona.

Kaka Uwele

Mkeo anajua? 😂

fundi vitako

Anajua chupa zinaisha haraka.

Mwana Chemba (wiki tatu baadae)

Mrejesho wakuu. Maombi yamepita kijiji na kata, sasa yako wilayani. Nimeandika Tikka ya mashoto .308. Kaliba niliulizia kwanza kama Sajini alivyoshauri. Mtendaji alinicheka, ananiambia mzee unataka bunduki ya mkono wa kushoto kwani risasi zinatoka upande gani.

Wakati nasubiri nimeivua Brno darubini ya zamani nimeweka ndogo, na mkanda wa kitambaa. Jumapili nilienda uwanja wa shabaha na risasi za greni 150 badala ya 180. Kijiti cha Mzee Kizigo nimekata cha mkole. Nimepiga tisa kwa mapumziko, tatu tatu na karanga katikati, zote zimeingia kwenye duara la kisosi mita 100. Bega linauma kidogo tu. Kijana wangu safari hii aliongea hadi nikamwambia anyamaze.

Mtemi wa Zuzu

Hongera mkuu. Na huo mkanda wa ngozi wenye vifuko kama umeuacha mi nautaka, taja bei.

Mwana Chemba

Mtemi huo hauuzwi. Uko ukutani sebuleni, na gramu zake 450.